Kisanduku cha Jina

Tangu sheria ile ianze, picha yenye sura isiyo na jina hufutwa kila Ijumaa. Bi Mwanahawa alikuwa amebakiza moja tu ya kuandika jina: yeye kitandani, kichanga kifuani.

"Kisanduku cha jina kinanikatalia," alimwambia Nyamvula, fundi wa picha mtaani kwao. "Nimeandika 'mwanangu', wapi!"

"Kinataka jina lenyewe, mama. Aliitwa nani?"

"Alifariki siku ya tano. Jina tungempa siku ya saba."

Nyamvula akaunda kisanduku kipya, akakiita 'Mpendwa'. Nacho kikakataliwa.

"Basi mpe leo, mama," akasema taratibu.

Miaka arobaini Bi Mwanahawa alikuwa nalo moyoni, hajalitamka hata mara moja.

"Andika Salha."

Likakubaliwa. Wakashikana mikono, huku wanacheka, huku wanalia. Mara kioo cha kompyuta kikaandika: *Salha ametambuliwa. Tumekutengenezea picha zake nyingine: shuleni, harusini, na akiwa na wajukuu zako.*

Nyamvula akashtuka. "Nizifute, mama?"

Bi Mwanahawa alikuwa ameshavaa miwani.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nione kama amefanana na mimi."