Chumvi ya Mboga

Musembi, mwalimu wa kilimo, aliinama juu ya tuta la Shamso, akachambua udongo kwa vidole. Hakuona punje hata moja. Mchicha ulikuwa wa manjano vilevile, majani membamba kama ulimi wa mjusi.

"Abdikarim! Ile chumvi niliyompa mkeo Shamso iko wapi?"

Abdikarim alizima pampu ya maji. "Amebeleka nyumbani, mwalimu," alisema kwa lafudhi ya Kisomali, p ikitoka b.

"Nilimwambia aweke kwenye mboga!"

"Si ndiyo? Mboga iko jikoni. Nani anatilia shamba chumvi, wallahi?" Akacheka. "Nyinyi Wakamba, maneno yenu mengi!"

Musembi hakucheka. Kwao, mbolea ile nyeupe ya kunenepesha majani kila mtu huiita chumvi. Alisahau kwamba Shamso alikulia nyuma ya ng'ombe, kule Sangailu. Tena ana mimba ya miezi saba na upungufu wa damu. Nesi ndiye aliyemwambia ale mchicha. Basi Musembi, mtu wa kuongeza chumvi kwenye sahani na kwenye maneno, akamwahidi majani mapana kama masikio ya ndovu.

Alitimua mbio kutoka mtoni kuelekea mtaa wa Galbet, viatu mkononi. Chakula cha mchana kilimruka tumboni: mchicha wa mkewe Maggie, sahani mbili, ambao leo yeye mwenyewe aliutia chumvi mpaka mkono ukachoka. Kichwa kiligonga. Pumzi ikawa fupi. Ee Mungu, sumu ile, mama na mtoto, wote wawili! Watu walimpisha njia wakidhani anafukuzwa na nyuki.

Mlango wa Shamso ulikuwa wazi. Sufuria ilifuka moshi. Shamso mwenyewe alikuwa amelala mkekani, chali, macho ameyafumba.

"Shamso!"

Jicho moja likafunguka. "Astaghfirullah! Mwalimu, sijakufa. Nabumzika tu."

"Ile chumvi... umeila?"

"Hiyo? Nilionja na ulimi, nikatema. Chumvi gani haikolei? Asubuhi nikarudishia Maggie, nikamwambia, hii chumvi yenu, asanteni. Alikuwa anabika. Akamimina yote kwa kobo la chumvi la jikoni."

Musembi alishika ukuta.

Shamso akajiinua, akamkazia macho.

"Mwalimu, mbona midomo yako imekuwa buluu?"