Maana Mpya ya Mgeni

Twaha, binamu wa mumewe Raya, alikuja kulala siku mbili. Mwezi ukakatika yuko kochini, anaagiza chai kama yuko hotelini, na Raya akachoka kumeza maneno.

Kumfukuza mtu siku hizi hakukuhitaji ugomvi. Milango ya mtaa mzima ilisoma maana za maneno kutoka kamusi moja ya pamoja, na mwenye nyumba yeyote aliweza kuzibadilisha papo hapo, milango ikiwa kazini. Raya akabonyeza kioo cha kamusi ukutani jikoni, akaandika kwa hasira: mgeni ni yeyote asiyekulia ndani ya nyumba hii, akitoka, asifunguliwe mpaka mwenyeji aliye ndani akubali.

Twaha alipotoka kununua sigara, mlango ukamgomea. Alibisha, akatukana, akaenda zake. Raya akacheka peke yake, akabeba beseni la nepi kwenda kuanika.

Aliporudi, mlango haukufunguka.

"We Raya!" Jirani yake, Bi Mize, alikuwa amesimama nje kwake, ufagio mkononi. "Na wako umekugomea? Miaka yote nimeolewa hapa, leo naitwa mgeni!"

Raya akautazama mtaa. Kila kibaraza kilikuwa na mke wa mtu, anagonga kwake. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba neno lilikuwa la wote. Simu ilikuwa ndani, na mumewe hakuwa wa kurudi kabla ya jioni.

Akaupiga mlango kwa viganja viwili.

"Vuta subira, mgeni," mlango ukamjibu kwa adabu. "Mwenyeji yumo ndani. Tunamwomba ruhusa."

Mwenyeji, wa miezi minne, akaanza kulia.