Jiwe la Ukurasa wa Mbele

"Hili ni jiwe au si jiwe?"

"Ni jiwe," kijana akajibu.

"Na mkono ni wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa, lakini—"

"Inatosha."

Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu akalibwaga gazeti mezani. Picha ilijaa ukurasa wa mbele: kijana kakunja uso, kabeba jiwe kifuani, na juu yake maandishi mekundu: WANAFUNZI WACHARUKA. Siku tisa waliketi kimya getini wakidai maji ya bwenini, wala hakuna mwandishi aliyekanyaga pale. Siku ya kumi mawe yakatapakaa barabarani, na magari ya habari yakaja mbio.

Mama wa kijana, fundi cherehani, alikuwa benchi la nyuma, amejaa hasira. Imebaki mitihani miwili tu mwanawe amalize, na leo anafukuzwa! Siku alipoliona gazeti hilo alimwakia. Kijana alijaribu kueleza mara tatu, na mara tatu alimwambia, "Funga domo lako! Nina macho."

Shahidi alikuwa mpigapicha wa gazeti. Aliitazama saa yake tu, mshtakiwa hakumtazama.

"Picha ni yangu. Siku ile nilipiga kama mia nne. Maneno huandikwa ofisini, huko mimi simo."

"Kuna swali?" mwenyekiti akauliza, huku akifunika kalamu yake.

Mama akasimama, akalivuta gazeti. Macho yake yamezoea kukagua pindo za nguo, na kwenye ukingo wa picha aliona kitu cheusi.

"Baba, hiki nini?"

"Waipa ya kioo hiyo, mama. Nilipigia picha ndani ya gari."

"Gari linatembea?"

"Lingetembeaje? Mawe yalijaa njia nzima."

Mama akafunua ukurasa wa pili: bweni, madarasa, ofisi ya mkuu wa chuo. "Na hizi za huko ndani?"

"Zangu pia."

"Sasa hilo gari lilipitaje?"

Mpigapicha akalivuta gazeti karibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, akageuka kumtazama kijana, akamtazama sana.

"Nilimpigia honi huyu hapa," akasema polepole. "Nikamwomba atuondolee mawe."