Maji ya Tumbo la Karimi

"Meza, mama! Meza tu!" muuguzi alisema.

Karimi akameza. Mpira mwembamba ulipita puani, ukateremka kooni, machozi yakamtoka. Mumewe, Mwongera, alimshika mikono yote miwili asije akaung'oa.

"Pole, mama watoto," alimnong'oneza. "Leo tutajua kinachokula tumbo lako."

Kwa miezi mingi Karimi alikuwa akiungulia na kutapika. Mwongera ndiye aliyehangaika kumtafutia pasi, maana wakati huo wa Hali ya Hatari hata kwenda hospitali ya misheni kulihitaji ruhusa. Ndiye pia aliyehimiza waje asubuhi hiyo hiyo, kabla mkewe hajatia kitu kinywani.

Alice, muuguzi, alivuta maji ya tumbo kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye bilauri. Akachovya karatasi ya bluu. Papo hapo ikawa nyekundu.

"Asidi ni nyingi sana," alisema. "Una kidonda. Tena njia ya kutokea chakula imebana, ndiyo maana hakishuki. Tazameni, nyama ya jana bado iko hapa."

"Nyama?" Mwongera aliuliza. "Una hakika, sista?"

"Nyuzi hizi ni za nyama."

Karimi alifumba macho. Tangu serikali ya kikoloni ichukue mifugo yao kuwaadhibu, hakuna aliyeonja nyama pale kijijini. Wenye nyama walikuwa wapiganaji wa msituni, walioswaga ng'ombe wa mzungu kutoka Timau juzi.

Alice alipotoka kutafuta dawa, Karimi alimvuta mumewe shati.

"Baba watoto, usimwambie mtu. Ni kaka yangu, Mutembei. Amejificha kwa mama, ana risasi mguuni. Nilienda jana kumwona, akanigawia kipande."

"Nimwambie nani?" Mwongera alimfuta jasho, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. "Wewe lala. Nakuletea maji."

Akatoka hadi langoni. Lori la askari lilikuwa likingoja kando ya mikaratusi.

"Ni kama nilivyoshuku, afande," alisema. "Yumo nyumbani kwa mama mkwe wangu. Na hawezi kukimbia."

Afande akatazama upande wa mlimani. "Na huyo mama je?"

"Nyumba ni ya nyasi," Mwongera alijibu, akampa kiberiti.