Nani Anaonja Taso?

Ngo, ngo, ngo. Nyuma ya mlango wa jikoni uliofungwa, kijiko kiligonga ukingo wa sufuria mara tatu.

Mukandoli aliacha samaki wake mezani na kutega sikio. Alikuwa amepika miaka thelathini, na mlio ule aliujua vizuri. Anayekoroga hagongi kijiko. Anagonga anayetaka kuonja.

"Nimemkamata," alinong'ona.

Alikuwa ameondoka Columbus kwa basi alfajiri, kimyakimya, akaja hadi mkahawa huu wa Shively, pembeni mwa jiji la Louisville, Marekani. Kaka yake Ruhimbika, mzee wa kanisa kule Buffalo, ndiye aliyemtuma. Kwao binti hatolewi kabla shangazi hajakwenda kumchungulia kijana anayemposa. Na kijana mwenyewe, Ganza, alikuwa na kazi, adabu na ukoo mzuri wa milima ya Kivu. Kasoro ilikuwa moja tu: alipika chakula cha watu wa Louisiana, na kilichompa sifa mjini kilikuwa taso, bega la nguruwe lililopakwa pilipili kali na kukaushwa kwa moshi. Kanisani kwao nguruwe haliwi.

"Kama ameionja hata mara moja, binti yangu haendi kwake," Ruhimbika alikuwa amesema. "Chunguza, kisha unipe neno moja: ndiyo au hapana."

Umuhoza, binti mwenyewe, aliishi Louisville mwaka wa pili sasa, akitunza wazee. Kwenye simu aliapa: "Shangazi, Ganza hajawahi kuionja. Mimi najua." Mukandoli alimhurumia. Mtoto mcha Mungu hadhani kwamba wengine hudanganya. Huyu ndiye aliyewahi kushinda njaa shuleni kwa sababu mayai yalikaangwa kwenye kikaango cha nguruwe.

Mukandoli akausukuma mlango.

Moshi na pilipili vilimshika koo. Ganza alisimama mbele ya sufuria kubwa ya bamia, kijiko kikiwa karibu na uso wake. Kwenye ubao palikuwa na pande la nyama nyekundu iliyoiva kwa moshi, nusu yake imekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Elisée, muosha vyombo, alikuwa kwenye sinki.

"Mama, wateja hawaingiake huku," Ganza alisema.

"Mimi si mteja. Mimi ni shangazi ya Umuhoza, ya Columbus."

Kijiko kilimponyoka Ganza.

"Bon!" Elisée alicheka. "Leo umepatikana, ndugu yangu."

"Ulikuwa unaonja?" Mukandoli aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Nilikuwa nanusa tu." Ganza aliinamisha kichwa, lakini sauti haikuinama. "Moshi ukizidi pilipili, bado. Pilipili ikinichoma macho, imeiva. Mikono yangu inaipika, tumbo langu haliijui."

"Na chumvi? Chumvi nayo inanuka?"

Ganza aliinama kuokota kijiko. Elisée aligeukia sahani zake haraka mno.

Mukandoli alichungulia mlangoni. Meza zote zilijaa, na watu walikuwa wakipangusa bakuli kwa mkate. Sufuria ya namna ile haipikwi kwa pua. Akaanza kukagua jikoni, rafu kwa rafu, kama mwenye nyumba aliyeibiwa. Karibu na jiko aliona glasi ya maji, na ndani yake kijiko kingine, kidogo. Alikitoa. Ncha yake ilikuwa na rangi ya mdomo, nyekundu.

"Na hii kijiko ni ya nani? Ama wewe ndiye unajipaka?"

Elisée alikohoa ili asicheke.

"Ni ya mtu anayenisaidia," Ganza alisema.

"Mwanamke."

"Ndiyo, Shangazi."

"Jina lake?"

"Siwezi kumtaja. Nilimpa neno langu."

Basi kijana ana mwanamke mwingine, Mukandoli aliwaza. Kumbe nguruwe lilikuwa jambo dogo. Alimgeukia Elisée. "Wewe unayechekacheka, huyo mwanamke anakuja lini?"

"Kila siku saa tano na nusu, Mama. Anaonja, anatukana pilipili, anaenda zake. Donc, alianza na kijiko kimoja tu. Siku hizi anakuja na bakuli."

"Elisée, nyamaza!" Ganza alifoka.

Mukandoli alitoa simu na kuitafuta namba ya Buffalo.

"Shangazi, nakuomba. Ukimwambia hapana, nimekwisha."

"Basi mtaje."

Ganza alikaza meno. "Siwezi."

Mukandoli alibonyeza namba. Simu ilipoanza kuita, mlango wa nyuma ulifunguka. Mwanamke aliingia kinyumenyume, akikung'uta mwavuli, kisha akaenda moja kwa moja kwenye sufuria bila kutazama kando. Alichota, akapuliza, akatafuna kipande cha nyama taratibu, amefumba macho.

"Chumvi bado," alisema. "Lakini hii nyama, eh! Mungu anisamehe."

"Dada?" sauti ya Ruhimbika ilisikika kutoka Buffalo. "Dada, niambie. Ndiyo au hapana?"

Mukandoli alikata simu. Alimwendea Ganza, akamshika mikono yote miwili, ikiwa bado na mafuta ya taso.

"Mkwe wetu," alisema kwa sauti ya mwombaji, "usituvunjie harusi. Umuhoza ataacha kula nguruwe. Nakuahidi."