Umbea wa Namba Arobaini na Moja

"Wameanza tena umbea," alisema Fundi, jicho limeganda kwenye hadubini, kofia ya maabara imemshuka hadi masikioni.

Dada yake mkubwa akasogeza kiti. "Wanasemaje?"

"Wanaambiana wazaliane. Wana lingine hao?"

Kwenye kisahani namba arobaini na moja, seli za uvimbe zilikuwa zikimetameta kijani. Kalsiamu ikipenya ndani ya seli moja, rangi iliyotiwa humo inawaka. Ya jirani inadakia, na habari inazunguka mtaa mzima. Kazi ya Fundi ilikuwa kutafuta dawa ya kuwafunga midomo. Kumi na moja zilikwisha shindwa. Ilibaki moja, na mwenye uvimbe hakuwa na muda wa kusubiri nyingine ibuniwe.

Visahani vilikuwa na namba, si majina. Profesa aliweka sheria hiyo mwenyewe: mtu asipime uvimbe wa ndugu, maana mkono wenye uchungu hutetemeka. Lakini Profesa macho alikuwa nayo. Alimwona dada huyu akija kila adhuhuri na chakula cha mdogo wake. Aliona alivyonyoa kichwa chote, kikang'aa kama sufuria mpya. Hakuuliza kitu. Alimletea tu kiti chenye mto.

Fundi akadondosha dawa ya kumi na mbili. Tone moja. Mkono haukutetemeka.

"Kula basi, tukisubiri," dada alisema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Dakika tano, umbea uleule. Dakika kumi, umbea uleule. Dakika ya kumi na nane seli moja ikazima, kisha jirani yake, kisha mtaa mzima ukanyamaza, kama watu walio msibani wakamwona marehemu akiingia mlangoni.

"Taa imeungua?" dada alinong'ona.

Fundi akasogeza kisahani cha pili: seli zisizo na ugonjwa, za mtu yuleyule, zimetiwa dawa ileile. Zilimetameta kama kawaida, hazina habari.

"Taa nzima. Walionyamaza ni wale wambea tu."

Dada akamkumbatia, akalia, akampiga kofi la mgongo, yote kwa mpigo mmoja.

Profesa akaitwa. Akachungulia, akachungulia tena, akavua miwani. "Dawa aanze leo hii," alisema, akimtazama dada kwa upole ambao si kawaida yake. "Ila sheria ni sheria. Lazima mgonjwa nimpigie rasmi."

Akafungua bahasha ya siri ya kisahani kile, akabonyeza namba iliyokuwamo kwenye simu ya mezani, akasubiri mkoba wa dada ulie.

Simu ikaita ndani ya koti la Fundi.

"Pokea, bwege wewe," alisema dada.