Kijumlisho Kwenye Mshale

Nilikuwa nimebana kitufe cha kipanya, na video ya marehemu niliyokuwa nikiiburuta ikining'inia katikati ya kioo. Ilikuwa imetoka kwenye flashi ya mjane wake, lakini haijafika kwenye kompyuta ya bosi.

Kwenye video hiyo marehemu anasema kwa kinywa chake kwamba nyumba ni ya mkewe. Nakala nyingine hakuna. Na bosi wangu ni kaka wa marehemu.

"Unakiona kijumlisho hapo kwenye mshale, hii alama ya kujumlisha, shemeji?" bosi alimwonyesha mjane kwa ncha ya kalamu. "Maana yake tunanakili tu. Yako inabaki palepale."

"Mimi haya mambo siyajui, shemeji. Nakuamini wewe."

Kijumlisho kilikuwepo kweli. Lakini kompyuta hii ina kasoro: inaonyesha kunakili, halafu ukiachia kidole inahamisha, na kule ilikotoka hakubaki kitu. Bosi mwenyewe ndiye aliyenionya nilipoanza kazi, nisije nikapoteza picha za wateja.

Nikamtazama. Yeye akatazama kidole changu.

"Achia basi, binti. Umeganda kama umeona nyoka."

Mjane alikuwa ameinama anamfunga mtoto kamba za kiatu, hana habari. Kidole changu kilishaanza kufa ganzi.

Mkono wa kushoto ukapanda kwenye kibodi, hadi kitufe cha kughairi kule pembeni. Nikakibonyeza. Mshale ukabaki mtupu.

"Dada," nikamwambia mjane, "chomoa flashi yako."